Majilio Katika Nchi ya Chai

Mtu aendaye Sotik kutoka Kericho hupita Litein, na kando ya njia huona mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa kana kwamba yamepimwa kwa kamba. Mgeni aonaye utulivu ule aweza kudhani kwamba amani huota hapa yenyewe. Sivyo. Upande wa magharibi iko Sondu, soko wanapokutana Wakipsigis na Waluo. Na mbele ya Sotik iko Chebilat, mpakani mwa Wakipsigis na Wakisii. Masoko hayo mawili yamepata kuona damu zaidi ya mara moja.

Wasomaji wenye umri watakumbuka jambo moja ambalo vijana hawalijui. Uchaguzi mkuu wa mwaka 1992 ulifanywa tarehe 29 Desemba. Ule wa 1997 vilevile ulianza tarehe 29 Desemba. Wa 2002 na wa 2007 ilikuwa tarehe 27. Basi mara nne mfululizo, majuma ya Majilio, ambayo Wakristo huwekewa wajitengeneze kumpokea Mfalme wa Amani, yalikuwa ndiyo majuma ya kampeni. Asubuhi watu waliimba kanisani, na alasiri walikwenda uwanjani kusikia jirani zao wakitukanwa.

Mwaka 2007 Majilio yalianza Jumapili tarehe 2 Desemba. Siku hiyo Wakatoliki walisomewa unabii wa Isaya juu ya silaha zitakazofuliwa ziwe vyombo vya kulimia, na Jumapili iliyofuata habari za mbwa-mwitu kukaa na mwana-kondoo. Watu waliitikia, wakaenda zao. Mwezi haukwisha, panga na mishale ikatoka. Soko la Chebilat likachomwa moto, na wachumaji wa chai waliotoka Kisii na Unyanza wakakimbia mashamba ya Kericho. Katika nchi nzima Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa kabla ya mapatano ya tarehe 28 Februari 2008.

Na viongozi wa dini je? Mwezi huo wa Februari, Baraza la Makanisa la Kenya, N.C.C.K., liliungama hadharani kwamba wachungaji walikuwa wameegemea pande, kila mmoja upande wa watu wake. Kwa maoni yangu maungamo hayo yalikuwa mahubiri mema kuliko mengi yaliyotangulia, ila yalichelewa.

Katiba ya 2010 imeuhamisha uchaguzi hata mwezi wa Agosti, na Majilio yamerudishiwa kimya chake. Kimya hicho tutakitumiaje? Zaburi ya 34 haimwamuru mtu aipende amani tu. Yamwamuru aiandame, kama mchungaji aandamavyo kondoo aliyepotea. Aandamaye hutoka nyumbani. (Najua kwamba ndugu wa Africa Inland Church, ambao hospitali yao yajulikana sana hapo Litein, hawana desturi ya kuadhimisha Majilio. Lakini Zaburi hiyo wanayo.)

Kazi yaanzia karibu. Malipo ya bonasi ya chai huja miezi ya mwisho wa mwaka, na ndipo ndugu wa tumbo moja hugombania hesabu ya kilo na mpaka wa shamba la marehemu baba yao. Mwenye ugomvi wa namna hiyo asingoje Krismasi ili ampe ndugu yake mkono mbele ya watu. Na aende kwake jioni, bila shahidi, akiwa tayari kusikia kwamba yeye ndiye aliyeusogeza mpaka.

Iliyo ngumu zaidi ni safari ya kwenda ng'ambo. Baada ya 2008 wazee wa Borabu na wa Sotik waliketi pamoja, wakazungumza hasa habari za wizi wa ng'ombe, maana nyayo za ng'ombe mmoja zikivuka mpaka zaweza kuwasha vijiji viwili. Siku hiyo jambo kubwa ni nani atakayetangulia kufika, mzee mwenye fimbo au vijana wenye mishale. Na mzee hatatangulia ikiwa hamjui mtu wa upande wa pili kwa jina, wala hajapata kunywa chai kwake. Kutoka Litein hata Chebilat si safari ya kutwa, na Majilio yana Jumapili nne.