Dawa ya Sonona Iliyopata Kazi Nyingine

Mgonjwa wa Cushing ana homoni ya kotisoli kupita kiasi, mara nyingi kwa sababu ya uvimbe kwenye tezi. Uso hujaa, sukari hupanda, na wagonjwa wengi hupatwa na sonona. Kotisoli ikishushwa, mara nyingi na huzuni hupungua. Kwangu mimi, huo ni ushahidi mzito kwamba homoni za msongo zinaweza kumwangusha mtu moyo.

Njia ya homoni hizo inajulikana. Mtu akipatwa na hofu, haipothalamasi, iliyo upande wa chini wa ubongo, huachia homoni ya CRF. Hiyo huichochea tezi ya pituitari, nayo huziamsha tezi zilizo juu ya figo zitoe kotisoli. Kisha kotisoli yenyewe hurudi ubongoni kuamuru uchochezi ukome. Kwa baadhi ya wagonjwa wa sonona, hasa iliyo kali, amri hiyo haisikilizwi.

CRF ilitambuliwa mwaka 1981 na Wylie Vale na wenzake wa Taasisi ya Salk, California, baada ya kuchambua bongo za kondoo wengi mno. Mwaka 1984 kundi la mtafiti Charles Nemeroff likaikuta kwa wingi katika maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wa sonona. Basi kwa nini isizuiwe? Mwaka 2000 watafiti wa Munich, akiwemo Florian Holsboer, waliripoti kuwa dawa ya R121919, inayozuia CRF, iliwapa wagonjwa nafuu. Matumaini yakawa makubwa, ingawa hapakuwa na kundi la kulinganisha lililopewa vidonge visivyo na dawa. Dawa hiyo ikasimamishwa kwa hofu ya kudhuru ini. Nyingine zilizofuata hazikushinda vidonge vitupu. Metiraponi, inayopunguza utengenezaji wa kotisoli, ilijaribiwa Uingereza kwa wagonjwa 165 ambao dawa za kawaida hazikuwasaidia. Matokeo ya mwaka 2016 hayakuonyesha faida.

Wengi wakakata tamaa. Nadhani waliharakisha. Majaribio mengi yaliwakusanya watu kwa jina la ugonjwa tu, bila kuchagua wale ambao homoni zao zimepanda kweli. Kipimo kipo tangu zamani, japo si kamilifu: mtu humeza deksamethasoni, dawa inayoiga kotisoli, usiku, na kesho yake kotisoli hupimwa. Kwa mtu mzima wa afya huwa imeshuka. Isiposhuka, breki za mwili hazishiki vizuri.

Desemba 2024 Marekani iliidhinisha krinesafonti, dawa inayoziba kipokezi cha CRF, kwa watu waliozaliwa na hitilafu ya tezi za juu ya figo. Miaka ya nyuma dawa hiyohiyo ilijaribiwa kwa sonona ikashindwa. Sasa inauzwa, na usalama wake unafuatiliwa. Natamani mno ijaribiwe upya, safari hii kwa wale ambao kipimo kimeonyesha kuwa kotisoli yao haishuki.