Je, Wajua? Gari la kulala porini

Je, wajua kwamba tarakimu nne zilizopigwa ubavuni mwa tairi hueleza umri wake? 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Anayenunua gari la mtumba la kupigia kambi, tuseme Land Cruiser yenye hema juu ya keria, aanze hapo. Tairi laweza kuonekana jipya, kumbe mpira umekauka kwa kukaa.

Kisha uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo madumu matatu ya lita 20 ni kilo 60 hata kabla ya jiko, hema na watu. Mzigo wa juu ya paa huongeza hatari ya gari kupinduka kwenye kona.

Ukienda kupiga kambi Endagikot, kwenye miinuko ya Mbulu, Tanzania, inayozidi mita 1,500, kuna jambo jingine: hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabochaja hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Lijaribu gari mlimani, likiwa limepakiwa.

Na tafadhali, hakikisha namba ya chasisi inalingana na ya kwenye kadi ya gari kabla hujatoa hata shilingi.