Kalenda mbili, turubai moja: biashara ya mikusanyiko ya dini Dar es Salaam

Mikusanyiko ya dini ni miongoni mwa masoko makubwa ya huduma za shughuli jijini Dar es Salaam. Wateja wake ni parokia, sharika, misikiti, madrasa, kwaya, vikundi vya akina mama na vijana, pamoja na taasisi zisizo za dini kabisa, kama benki na kampuni za simu, zinazofuturisha wateja wao kila Ramadhani. Wote hao hununua vitu vilevile: kivuli, viti, sauti, chakula, sare na usafiri. Mkutano wa injili wa siku tano na Maulidi ya usiku mmoja hutofautiana kwa yanayosemwa jukwaani; jukwaa lenyewe mara nyingi limetoka kwa mkodishaji mmoja.

Soko hili halina takwimu za kutegemewa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, lakini haikumuuliza mtu dini yake. Swali hilo halijaulizwa tena tangu sensa ya 1967. Sababu yake ni ya kisiasa na inaeleweka, ila kwa mfanyabiashara maana yake ni kwamba anapima mahitaji kwa macho. Anahesabu sharika mpya za Goba, Kivule na Chamazi, anaangalia msikiti gani umepanuliwa na padri gani anajenga ukumbi, kisha anaamua kama aongeze viti.

Kinachopanga mapato ya biashara hii kuliko kitu kingine ni kalenda, na Dar es Salaam ina kalenda mbili zinazokwenda kwa mwendo tofauti. Sikukuu za Kikristo huzunguka ndani ya mwaka wa jua: Pasaka huangukia Machi au Aprili, mavuno na ubarikio hupangwa na kila dayosisi, Krismasi haihami. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku zipatazo 11, kwa hiyo Ramadhani, Idi mbili na Maulidi husogea nyuma kila mwaka hadi zimepita misimu yote. Kuna miaka kalenda hizo zinapishana na msimu wa kazi ukawa mrefu, na kuna miaka zinagongana.

Kuanzia 2025 zimegongana. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu, inayofungua Kwaresima, ilikuwa 18 Februari, na Ramadhani ikaanza siku hizohizo. Mwaka 2027 Majivu ni 10 Februari, na mfungo wa Waislamu unatarajiwa kuanza siku moja au mbili kabla yake. Mgongano huu una bei. Mhimili wa kipato cha wakodishaji, wapishi na wapambaji ni harusi, wala si ibada. Na Wakatoliki na Walutheri hawafungi ndoa ndani ya Kwaresima kama ambavyo Waislamu wengi hawaozeshi ndani ya Ramadhani. Zamani mkodishaji aliyepoteza harusi za upande mmoja alifidiwa na upande wa pili. Mifungo ikienda pamoja, kumbi hukosa harusi za pande zote kwa wiki nne hadi sita, na watu huishi kwa futari za kampuni, semina za Kwaresima na mikesha. Wiki ya mwisho kabla ya mfungo, ile ya vunja jungu, imekuwa ya kufa na kupona. Baada ya mfungo kazi hurudi kwa kishindo: Idi el Fitri ya 2026 na Pasaka ya 5 Aprili zilitenganishwa na wiki mbili tu, na mahitaji ya harusi zilizosubiri yakaja juu yake.

Mvua nayo haisubiri. Masika ya Machi hadi Mei huangukia Pasaka karibu kila mwaka, na ndiyo maana tamasha la wazi la Pasaka ni bahati nasibu zaidi kuliko mkesha wa Mwaka Mpya.

Viwanja vya wazi vimepungua. Jangwani, ambako Papa Yohane Paulo II aliadhimisha misa Septemba 1990, pako katika bonde la Mto Msimbazi linalofurika. Mradi wa kuliendeleza bonde hilo kwa fedha za Benki ya Dunia umepanga sehemu yake ya chini iwe bustani ya jiji. Yamebaki maeneo kama Mnazi Mmoja, Biafra na Leaders kule Kinondoni, na Tanganyika Packers kule Kawe, palipokuwa na kiwanda cha nyama na sasa panajulikana zaidi kwa mikutano ya maombezi. Juu ya hayo kuna Uwanja wa Uhuru na Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye nafasi ya watu 60,000. Ni taasisi chache za dini zinazoweza kuujaza huo wa mwisho. Akina mama Wakatoliki wa WAWATA waliuchukua Septemba 2022 kwa jubilei ya miaka 50 ya umoja wao, mgeni rasmi akiwa Rais Samia Suluhu Hassan, ambaye ni Mwislamu. Mashindano ya kuhifadhi Qur'ani nayo yamewahi kufanyika humo wakati wa Ramadhani.

Kumbi zina historia iliyochanganyika zaidi ya viwanja. Diamond Jubilee iliyoko Upanga ni mali ya Waismailia na jina lake linatokana na jubilei ya almasi ya Aga Khan III, aliyepimwa kwa almasi jijini humu Agosti 1946. Ukumbi huohuo umepokea matamasha ya Pasaka, futari na mahafali. Msimbazi Center ni ya Jimbo Kuu Katoliki, na kwenye orodha yake ya wateja dini si kigezo. Kwa mwenye ukumbi, anayelipa kwa wakati ndiye ndugu.

Ngazi inayoajiri watu wengi ni ya wakodishaji wadogo. Wengi huanza na viti vya plastiki, kisha turubai moja, kisha jenereta, kisha kirikuu ya kubebea. Viti hulipiwa kwa kichwa kwa siku, turubai kwa ukubwa wake, mitambo ya muziki kwa jumla pamoja na fundi wake. Faida haiko kwenye kukodisha mara moja. Iko kwenye idadi ya mara vitu vinatoka stoo kwa mwezi. Ndiyo maana mkodishaji mzuri hukubali kazi ya msiba Jumatano, ya komunio ya kwanza Jumamosi na ya Maulidi usiku huohuo, kwa turubai lililofunguliwa saa 11 jioni na kufungwa upya saa 1 mtaa wa pili. Kuchelewa kwa mchungaji kumaliza maombi kunaweza kumharibia sheikh ratiba. Wakodishaji wanalijua hilo kuliko viongozi wote wawili.

Chakula ni mlolongo mwingine. Futari inavuta mihogo, magimbi, viazi vitamu na ndizi, nyingi zikipita soko la Mabibo, maarufu kwa jina la Mahakama ya Ndizi, na tende zinazoingia kutoka nchi za Kiarabu kupitia maduka ya Kariakoo. Bei hupanda mfungo unapoanza, na kilio cha wafungaji kuhusu wauzaji ni cha kila mwaka. Katika shughuli za Kikristo mzigo ni wali, pilau, kuku na soda. Mezani pa pamoja kuna kanuni isiyoandikwa: nyama huwa imechinjwa na Mwislamu, kama ilivyo desturi katika machinjio ya Vingunguti, na kitimoto haiwekwi. Mpishi anayezingatia hayo mawili anahudumia jiji zima. Anayeyapuuza anabaki na nusu ya soko.

Sare za vitenge ni biashara yenye uhakika kuliko zote, kwa sababu hulipiwa kabla. Kikundi cha akina mama kikichagua kitambaa, kila mwanachama hulipa cha kwake, mwenye duka Kariakoo hupata oda ya mamia ya doti kwa siku moja, na mafundi cherehani wa mtaa hupata kazi ya mwezi. Kwa kanzu na kofia hali ni hiyohiyo kuelekea Idi, ila hapo ununuzi ni wa mtu mmoja mmoja.

Fedha za waandaaji hutoka mifukoni mwa waumini kwa njia ya ahadi, bahasha, harambee na mnada. Jumapili ya mavuno katika usharika wa Kilutheri ni soko halisi: kuku, mikungu ya ndizi na keki hupigwa mnada, na yai moja linaweza kununuliwa, likarudishwa mezani, likauzwa tena mara kadhaa. Bei hapo haihusiani na yai. Malipo kwa simu yaliingia haraka baada ya M-Pesa kuanza nchini 2008, na leo lipa namba hubandikwa ukutani karibu na sanduku la sadaka. Serikali ilipoweka tozo ya miamala Julai 2021, kamati nyingi zilirudi kwenye fedha taslimu hadi ilipopunguzwa.

Taasisi za dini hazikuishia kukusanya. Zimeingia katika benki zenyewe. Mkombozi ilianzishwa 2009 kwa msukumo wa Kanisa Katoliki, Amana ilianza 2011 kwa misingi ya Kiislamu, na Maendeleo ilifungua milango 2013 kwa uasisi wa Kanisa la Kilutheri (KKKT) Dayosisi ya Mashariki na Pwani. Mkombozi na Maendeleo ziko katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mwekezaji asidanganyike na majina: benki hizi hupimwa kwa mikopo chechefu kama nyingine.

Matamasha ya nyimbo za injili yana uchumi wake. Enzi za kaseti, kwaya kama ile ya Uinjilisti Kijitonyama na AIC Chang'ombe ziliuza nyimbo kupitia wasambazaji wa Kariakoo, na tamasha lilikuwa tangazo. Sasa mauzo ya kaseti na CD yamekufa, malipo ya mtandaoni ni madogo kwa wengi, na mwimbaji huishi kwa mialiko. Kiingilio peke yake hakitoshi kulipa ukumbi, mitambo na waimbaji. Bila mfadhili, promota huwa anacheza na mtaji wake.

Mikusanyiko inayowakutanisha viongozi wa dini mbalimbali ni sehemu ndogo kwa idadi na nono kwa malipo. BAKWATA ya Waislamu, TEC ya maaskofu Wakatoliki na CCT ya makanisa ya Kiprotestanti hushirikiana katika makongamano ya sera. Mwaka 2012 zilitoa ripoti ya pamoja kuhusu mapato ya kodi ambayo nchi inayapoteza. Kila wiki ya kwanza ya Februari kuna Wiki ya Maelewano baina ya Dini iliyoridhiwa na Umoja wa Mataifa 2010. Shughuli hizi hufanyika hotelini, hulipwa na wafadhili au ofisi za umma, huhitaji risiti ya EFD na huja na VAT ya asilimia 18. Mama lishe na mkodishaji wa mtaani hawana nafasi hapo, wala hawajui kama zimefanyika. Kama lengo la mikutano hiyo ni ujirani mwema, fedha zake zingefika mbali zaidi zikipita mitaani.

Wageni wa nje ndio kilele. Oktoba 2016 Waislamu wa Kibohora walifanya Ashara, mkusanyiko wao wa kimataifa wa Muharram, Dar es Salaam, wakaja maelfu kutoka India, Pakistani na kwingineko, na vyumba vya katikati ya jiji vikajaa. Julai 2022 maaskofu Wakatoliki wa AMECEA, umoja wao wa Afrika Mashariki, walifanyia jijini mkutano wao mkuu. Tukio la namna hiyo huleta fedha za kigeni, lakini haliji kila mwaka.

Hatari za biashara hii hazijadiliwi vya kutosha. Mkutano wa hadhara unahitaji taarifa polisi na ruhusa ya mwenye uwanja. Kelele ziko chini ya mamlaka ya mazingira ya taifa, na malalamiko ya majirani yanaweza kuzima spika katikati ya mkesha. Usajili wa taasisi nao unaweza kufutwa, kama ilivyotokea kwa kanisa moja kubwa la jijini Juni 2025, na mzabuni aliyekopesha akabaki anasubiri. La usalama ni zito zaidi. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakiwahi mafuta ya upako. Bajeti za mikutano mingi bado zina fungu la mapambo kabla ya fungu la milango ya dharura, na hilo ni kosa la waandaaji na la wanaowapa vibali.

Kwa wazabuni, tatizo la kila siku ni deni. Kamati hukodi kwa ahadi za waumini, ahadi hulipwa polepole, na mwenye viti ndiye anayegeuka mkopeshaji bila riba. Ni wachache wanaodai nusu ya malipo kabla ya kushusha mzigo, kwa sababu kumdai mchungaji au sheikh mbele ya watu ni aibu kwa wote. Mkataba wa ukurasa mmoja ungeondoa aibu hiyo.

Anayefikiria kuongeza mtaji aangalie miaka inayokuja. Mwaka 2028 mifungo inaachana: Ramadhani inatarajiwa kwisha mwishoni mwa Februari na Kwaresima ianze 1 Machi, hivyo msimu wa ukame wa harusi utarefuka badala ya kuwa mkali. Mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena siku za mwisho za Desemba, mara tu baada ya Krismasi. Wapishi na wakodishaji watakaotaka kazi za Desemba hiyo waanze kuandikiana mikataba mapema.