Ususi ni Kazi ya Mkono, Malipo ya Ughaibuni ni ya Karatasi

Kila mara matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, swali huzuka tena katika miji yetu ya Magharibi ya Kenya: waliokosa alama za kuingia chuo kikuu waelekee wapi? Hapa Kakamega, wasichana wengi, na siku hizi wavulana pia, huingia saluni kujifunza ususi. Baada ya muda si mrefu utawasikia wakizitaja Doha, Dubai na Riyadh, hata Berlin. Nami sioni kosa lolote katika ndoto hiyo. Kinachonitia hofu ni kwamba vijana hawa huondoka wakiwa na ujuzi mikononi, ilhali mikobani mwao hamna karatasi hata moja ya kuuthibitisha.

Hapa nyumbani cheti hakiulizwi. Msusi hulipwa kwa kichwa alichokisuka au hugawana malipo na mwenye saluni, na mteja humchagua kwa kuwa amekiona kichwa cha jirani kikapendeza. Sifa ndiyo leseni yake. Lakini sifa haivuki mpaka. Ugenini hakuna jirani wa kumshuhudia, na mahali pa jirani hushikwa na serikali, mwajiri na sheria, ambavyo vyote husoma maandishi.

Tuitazame Ujerumani, ambayo ilitia saini mkataba wa uhamiaji na kazi na Kenya mjini Berlin mnamo Septemba 2024. Vijana wengi walidhani kwamba mlango umefunguliwa wazi. Ukweli ni kwamba kazi ya nywele nchini humo ni taaluma yenye mafunzo ya miaka 3, na anayetaka kufungua saluni yake aghalabu hudaiwa cheti cha juu zaidi cha ufundi. Mwanafunzi hulipwa akiwa mafunzoni: mwaka 2025 kima cha chini katika mwaka wa kwanza kilikuwa yuro 682 kwa mwezi, na humo kodi ya nyumba na chakula hutolewa. Mfanyakazi wa kawaida naye alistahili angalau yuro 12.82 kwa saa mwaka huo. Tofauti kati ya wawili hao ni cheti na ujuzi wa Kijerumani.

Hata Marekani, ambako mitindo ya Kiafrika inapendwa mno, mkono peke yake haukutosha. Mwaka 1997, Isis Brantley, msusi wa Dallas na raia wa nchi hiyo, alikamatwa kwa kusuka nywele bila leseni. Ilipita miaka mingi ya mashtaka kabla ya jimbo la Texas kuwaondolea wasusi sharti hilo mwaka 2015. Majimbo mengine yamelegeza kamba vilevile, lakini kila jimbo lina sheria yake, na anayetaka leseni kamili ya urembo wa nywele katika majimbo mengi hutakiwa kusomea saa 1,000 au zaidi.

Ghuba ndiko waendako wengi. Nchini Qatar, tangu Machi 2021, kima cha chini cha mshahara ni riyali 1,000 kwa mwezi, kama shilingi 35,000 zetu kwa thamani ya mwaka 2025. Mwajiri asiyetoa malazi na chakula huongeza riyali 500 na 300. Huo si utajiri unaosimuliwa vijiweni, ingawa ni haki inayodaiwa kisheria. Balaa huanza pale kazi iliyoahidiwa kwa mdomo inapotofautiana na iliyoandikwa. Binti mmoja wa mtaani petu aliniletea mkataba wake niusome. Wakala alikuwa amemwambia kwamba angefanya kazi saluni. Karatasi ilisema mtumishi wa nyumbani. Neno hilo moja lina uzito mkubwa. Nchini Saudi Arabia, kwa mfano, sheria ya jumla ya kazi haiwahusu watumishi wa nyumbani. Wao wana kanuni zao mbali. Binti huyo angeupoteza ufundi wake kabla hajapanda ndege.

Mimi ni mwanaisimu, na jambo hili lanikumbusha msamiati wetu wenyewe. Kusuka ni neno la Kibantu: twasuka mikeka, twasuka na nywele. Lakini mkataba, ajira, mshahara, dhamana na sheria ni maneno yaliyotujia kutoka Kiarabu. Ajabu ni kwamba kijana anayeyatamka maneno haya kila siku hutia sahihi mkataba wa Kiarabu asioweza kuusoma, na tafsiri yake ya Kiingereza huisoma kwa haraka akihofia kuonekana mshamba.

Najua kuna watakaosema kwamba ususi haufundishwi kwa vitabu. Naam, vidole havifundishwi kwa vitabu. Hata hivyo, sijamwambia msusi aache kitana ashike kalamu. Namtaka ashike vyote viwili, kwa sababu mwenye kalamu ndiye atakayempangia bei.

Basi tufanye nini? Vyuo vya ufundi vilivyo chini ya serikali za kaunti viwatayarishe wanafunzi kwa mitihani ya ufundi ya NITA, na aliyejifunzia saluni mtaani ahimizwe kuifanya pia. Kabla ya kulipa hata senti, msafiri athibitishe kwamba wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Nanyi walimu wenzangu wa lugha, tunawafundisha wanafunzi kuandika barua rasmi na kumbukumbu za mikutano. Kwa nini tusilete darasani mkataba wa kazi, tukawauliza cheo kimeandikwaje, saa ni ngapi, malipo ni ya sarafu gani, na nani atalipa nauli ya kurudi? Mwanafunzi anayeweza kuyajibu maswali hayo ameelewa ufahamu kuliko aliyekariri majibu ya mtihani.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ufundi wa wasusi wetu ni mali. Tuwape daftari kabla hawajaondoka.