Koti la theluji katika soko la Karume

Jumamosi asubuhi katika soko la Karume, Mchikichini, mikanda ya belo ikikatwa watu husogea bila kuitwa. Siku hiyo belo lilikuwa la makoti ya watoto, yale mazito yenye kofia na mikono iliyotuna, na jua la saa tatu lilishaanza kuchoma mabega. Mimi nilikuwa natafuta sweta la shule. Likatoka koti dogo la rangi ya chungwa, la mtoto wa miaka sita au saba hivi, na kwenye zipu yake palikuwa na kipande cha karatasi ngumu kilichoshikizwa kwa waya mwembamba. Muuzaji alishatoa wembe akikate. Nikamwomba anipe nikisome kwanza.

Ilikuwa tiketi ya kupandia lifti kwenye mlima wa theluji. Jina la mahali lilikuwa limefutika, ila mwezi ulisomeka, Januari, na neno la Kiingereza la kuonyesha kwamba aliyelipiwa ni mtoto.

Tiketi za namna hii hufungwa kwenye zipu ili mhudumu wa lifti aione bila mtoto kuvua glavu. Siku ikiisha wengi huziacha papo hapo. Baada ya mwaka koti limekuwa dogo, linatolewa sadaka, linapangwa kwa daraja, linafungwa belo na kupakiwa melini, mpaka bandari ya Dar es Salaam. Kutoka hapo linafika Mchikichini, mtaa uliopewa jina la mti wa mchikichi, mti wa nchi za joto, ambako koti kama lile halivaliki hata usiku wa Julai.

Wanunuzi wake wapo, tena hawakosekani. Soko hili liliteketea kwa moto alfajiri ya Januari 16, 2022, likainuka tena, na wateja wa makoti walirudi pamoja na wenye meza. Muuzaji alinieleza kwamba makoti ya watoto hufuatwa na wazazi wenye watoto shule za bweni Makete na Njombe, na yale ya watu wazima huchukuliwa na madereva wa bodaboda wa alfajiri na vijana wanaokwenda kubeba mizigo ya wageni Kilimanjaro. Koti la chungwa halikumaliza robo saa. Alilichukua baba mmoja, akalipima kwa macho, akalitia kwenye mfuko, akaondoka. Tiketi ilibaki mkononi mwangu, na nimekaa nayo wiki mbili nikiifikiria ile siku ya Januari. Kuna mtoto mahali fulani duniani alipelekwa kucheza, na waliompeleka hawakuwa lazima matajiri.

Kwetu skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni, inahesabika mchezo wa wenye fedha. Kwa sehemu ni kweli. Katika vituo vikubwa vya Marekani, kama Vail kule Colorado, tiketi ya mtu mzima kwa siku moja inaweza kuzidi dola 200, kabla hujalala wala kula. Lakini vipo vituo vidogo, vingine vya halmashauri za miji au vyama vya wakazi, ambavyo tangu mwanzo vilikusudiwa familia ya mshahara wa kawaida. Inafaa tutazame jinsi vinavyoendeshwa, maana kuna jambo pale linalotuhusu.

Kituo cha namna hiyo huwa ni kilima kifupi chenye lifti moja au mbili. Chini kabisa pana kipande cha ardhi ya karibu tambarare chenye mkanda unaotembea, kama ule wa mizigo uwanja wa ndege. Mtoto anasimama juu yake, unampandisha polepole, anashuka hatua chache, anaanguka, anainuka, anaufuata mkanda tena. Njia za kuteleza zimewekewa rangi, kijani kwa anayeanza na nyeusi kwa bingwa, kwa hiyo hakuna anayejikuta kwenye mteremko wa kumvunja mguu kwa kutojua. Buti na mbao hukodishwa, na mgeni halazimiki kununua kitu atakachokitumia mara moja kwa mwaka. Pana chumba chenye joto na meza ndefu ambapo familia inafungua chakula ilichopika nyumbani, na hakuna mtu wa kuwauliza wamekitoa wapi. Mtoto mdogo halipi, au analipa kidogo. Bibi asiyeteleza anakaa dirishani na kikombe chake akimwangalia mjukuu. Wageni wanaorudi huko kila mwaka hawaufuati mlima, kwa sababu milima mikubwa zaidi ipo. Wanafuata mambo hayo.

Afrika tunavyo pia. Lesotho, katika milima ya Maluti, kipo kituo cha Afriski, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, chenye mteremko wa takriban kilometa moja. Theluji ya mbinguni haitoshi, kwa hiyo wanaitengeneza kwa mashine wakati wa kipupwe, na familia kutoka Afrika Kusini huja na watoto ambao hawajawahi kuishika. Nje ya Afrika, Dubai wamejenga kituo cha skii ndani ya jumba la maduka tangu 2005, na wapo wafanyabiashara wa Kariakoo waliokwenda kufuata mzigo wakaingia kuchungulia. Koti, suruali na buti unapewa kwa kiingilio kilekile, jambo jema, kwa maana nani anatoka Mtaa wa Kongo na koti la baridi begani?

Hata Kilimanjaro yetu imeshatelezwa. Mwaka 1912 Wajerumani Walter Furtwängler na Siegfried König walifika kileleni, mita 5,895, wakateremka kwa skii, na mojawapo ya mabarafu ya kule juu hadi leo linaitwa kwa jina la Furtwängler. Tangu mwaka huo mlima umepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake. Kwa hiyo kituo cha skii Kilimanjaro hakipo wala hakitakuwapo, na sioni sababu ya kukililia.

Ninayemkumbuka zaidi katika habari za theluji ni Philip Boit, Mkalenjin wa Kenya, mkimbiaji wa mita 800. Aliiona theluji kwa mara ya kwanza mwaka 1996 alipopelekwa Finland kujifunza skii. Miaka miwili baadaye alikuwa Nagano, Japani, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, Mkenya wa kwanza kufika huko, akishindana mbio za kilometa 10. Akamaliza wa mwisho, nafasi ya 92, dakika 20 nyuma ya mshindi. Mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikuwa anangojewa kwenye jukwaa la medali. Alikataa kuondoka. Alisimama kwenye mstari wa mwisho mpaka Boit alipofika, akamkumbatia. Boit aliporudi nyumbani na kupata mtoto wa kiume, alimpa jina la Dæhlie. Miaka ishirini baadaye, mwaka 2018, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliteremka milima ya Pyeongchang akiwa na bendera hiyohiyo ya Kenya. Ninaamini mapokezi yale ya Nagano yalifungua mlango kuliko medali yoyote. Aliyepokewa vizuri siku ya kwanza, hata akiwa wa mwisho, hurudi, na nyuma yake huja wengine.

Hapo ndipo tiketi ya koti la chungwa inaponirudisha Mchikichini.

Mtaa huu umebanana. Upande mmoja soko na Machinga Complex, upande mwingine barabara ya Kawawa, na bondeni kule mto Msimbazi ambao mvua ikizidi huingia vyumbani. Watoto wanacheza mpira kwenye vichochoro kati ya meza za mitumba, na pikipiki ikipita wanabana ukutani. Mama na baba wako sokoni siku sita au saba kwa wiki. Kwa familia kama hizo siku moja ya kutoka ni kitu kikubwa, na watoto huihesabia vidole kuanzia mwanzo wa mwezi. Sasa waende wapi?

Bahari ipo karibu mno. Kivuko cha serikali cha Magogoni kwenda Kigamboni ni shilingi 200 kwa mtu. Watu watano kwenda na kurudi, hata kila mmoja akilipa nauli ya mtu mzima, ni shilingi 2,000. Ni mwendo wa dakika chache, lakini kwa mtoto ile ni safari. Kuna upepo, kuna meli kubwa inayoingia bandarini ikipita jirani, kuna mitumbwi ya Feri na harufu ya samaki, kuna mlango wa chuma unaoshuka kwa kishindo. Nimewaona watoto ambao wangeridhika kurudi na kivuko kilekile bila kufika ufukweni.

Shida huanzia ufukweni. Mwaka juzi niliwachukua watoto wangu wawili na wa dada yangu watatu tukaenda sehemu moja ya Kigamboni, jina lake naliacha. Kwa simu tuliambiwa kiingilio ni cha watu wazima. Getini tukaambiwa ni cha kila kichwa, na mtoto wa miaka miwili naye ana kichwa. Tulipolipa, mlinzi akafungua kikapu, akaona hotipoti ya pilau, akasema chakula cha nje hakiingii. Dada yangu aliamka saa kumi kupika pilau lile. Tulilila pembeni ya barabara chini ya mkorosho, tukaingia ndani tumeshiba na tumenyong'onyea. Choo kilikuwa kimefungwa na ufunguo ukawa kaunta, kwa wanaonunua. Maji ya kujisuuza chumvi hayakuwapo. Na pale baharini, katikati ya watoto wasiojua kuogelea waliokodishiwa tyubu za magari, sikumwona mwokoaji hata mmoja.

Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Hatujasahau Tabora, Oktoba 1, 2008, sikukuu ya Idi, ambapo watoto wapatao 20 walikufa katika ukumbi wa disko uliojazwa kupita kiasi. Watoto wale walikwenda kufurahi, basi. Kila Idi polisi hupiga marufuku disko toto, na wanafanya vema, lakini mtoto aliyezuiwa ukumbini bado ana sikukuu yake na mia tano yake mkononi. Asipowekewa mahali salama atakwenda mahali popote.

Nisiwe mwizi wa fadhila. Ufukwe wa Coco bado hauna kiingilio, na Jumapili jioni utaona familia nzima kwenye mkeka na mihogo ya kukaanga yenye pilipili na kachumbari, baba kavua viatu, watoto wanakimbizana na mawimbi. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo vimehifadhiwa tangu 1975 na maji yake ni safi, ingawa boti na kiingilio kwa watu watano si pesa ya muuza mitumba. Treni ya SGR nayo ilipoanza Juni 2024 ilitangaza nauli ya shilingi 13,000 mpaka Morogoro na nusu yake kwa mtoto. Nusu nauli hiyo inamaanisha kwamba aliyepanga bei alimwona mtoto. Nimekutana na wazazi wa Ilala waliowapeleka watoto Morogoro asubuhi, wakaitazama milima ya Uluguru, wakala ndizi, wakarudi jioni. Hawakulala hotelini, na watoto wanaisimulia mpaka leo.

Tulichokosa si mandhari. Bahari tunayo, na joto la mwaka mzima halihitaji mashine. Wale wenye kilima kidogo na theluji ya miezi mitatu wamefaulu kwa sababu walianza kupanga kila kitu kutoka kwa mtoto na mama yake mwenye kikapu. Sisi tunaanza na kaunta. Mwenye ufukwe anapiga hesabu ya soda na bia atakazouza, na familia iliyokuja na pilau lake inaonekana hasara. Sikubaliani na hesabu hiyo. Familia iliyopewa kivuli na choo itanunua soda zake, tena itarudi Idi ijayo na majirani wa nyumba nzima, na wapangaji wa nyumba moja ya Mchikichini si wachache.

Mbele ya Mjimwema, kulekule Kigamboni, kuna kijiji cha Gezaulole. Kwa Kizaramo jina hilo ni jaribu uone, na lilitolewa zama za vijiji vya Ujamaa, watu walipoombwa waanze jambo ambalo hawakuwa na hakika nalo. Nawaomba wenye fukwe za Kigamboni na Kunduchi wajaribu kwa sikukuu moja tu. Andikeni bei ya mtoto getini kwa herufi kubwa, na iwe ileile mliyoitaja kwenye simu. Acheni hotipoti ipite. Fungueni choo, wekeni bomba moja la maji baridi. Ajirini vijana wawili wa uvuvi wa hapohapo Kigamboni, wanaoijua bahari kuliko yeyote, wapeni filimbi na fulana nyekundu, wakae kwenye maji na watoto tangu asubuhi mpaka jua linapozama.