Katogo ya mama na chumvi ya Katwe

Ni saa moja asubuhi, siku ya Ijumaa, siku ya soko la Mpondwe. Wafanyabiashara kutoka Kasindi wameanza kuvuka mto Lhubiriha, na wengine wanaketi kwanza vibandani kula katogo kabla ya kutafuta wateja. Ndicho chakula cha asubuhi kinachojulikana Uganda nzima: ndizi mbichi zilizopikwa sufuria moja na utumbo wa ng'ombe, maharage au karanga.

Mimi sikukijua. Wazazi wangu walikimbilia Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, mwaka 1981 katika vita vya Rwenzururu, nami nikiwa mgongoni mwa mama. Nilisomea Butembo, kwa Kifaransa. Ndizi zilikuwepo, lakini mama aliwahi vibarua mashambani kabla ya mapambazuko, na katogo haitaki haraka. Tulikunywa chai ya rangi kwa muhogo wa kuchemsha.

Tulirudi mwaka 2004. Mimi nikapata kazi ya kufundisha Kasese, mama akabaki Bwera. Majirani walituita Wakongo. Mimi nilizoea, lakini mama, aliyezaliwa kwenye milima hii hii, jina hilo lilimuuma. Siku moja, akiwa mgonjwa, aliniambia, "Mwanangu, nipikie katogo. Sijaila tangu tulipokimbia."

Nilitia kila kitu sufuriani kwa pamoja, nikakoroga kama uji. Utumbo ulibaki mgumu kama mpira, ndizi zikavurugika. Mama alionja kijiko kimoja, akasukuma sahani kando. "Mwalimu," alisema, "leo hata mimi nitakuita Mkongo."

Nilimeza aibu nikaenda kwa mama mmoja auzaye ndizi sokoni. Alicheka sana, kisha akanifundisha, nami nakupa kama nilivyopewa, ndugu msomaji.

Osha utumbo kwa maji ya moto, ukwangue, uoshe tena hadi maji yatoke safi. Ukate vipande vidogo, uchemshe kwa chumvi saa mbili hivi mpaka ulainike. Usimwage supu yake. Paka mikono mafuta ndipo umenye ndizi, maana utomvu wake hunata, na uzitie katika maji zisiwe nyeusi. Kaanga vitunguu na nyanya, weka utumbo, panga ndizi juu, mimina supu hadi ikaribie kuzifunika. Funika vizuri, moto uwe mdogo, uache kama dakika 40. Usikoroge, ukitaka kuchanganya, shika sufuria uitikise.

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea mama sahani kitandani. Alikula kimya. Alipofika katikati akaniuliza, "Chumvi hii umeitoa wapi?"

"Hapa hapa sokoni, mama. Ni ya Katwe."

Akatabasamu. "Ndiyo hiyo hiyo niliyokuwa nikinunua Butembo. Kumbe miaka yote ile tulikuwa tunakula ya nyumbani."

Ni kweli. Chumvi ya Ziwa Katwe imekuwa ikipelekwa Kongo na wachuuzi tangu kabla mpaka haujachorwa. Mimi niliyesoma vitabu sikuwa nimelifikiria jambo hilo. Mama alilijua kwa ulimi.

Mama alifariki mwaka 2006. Hadi leo, nikiwa Bwera siku ya soko, napika katogo, na jirani aliyekuwa wa kwanza kutuita Wakongo huja na sahani yake.

Wewe uliyerudi, usione haya kuuliza jinsi chakula cha kwenu kinavyopikwa. Hukukimbia kwa kupenda, wala hukuacha kujifunza kwa kupenda. Nawe mfanyabiashara, unapopandisha gunia la chumvi ukihesabu faida na ushuru, ujue kwamba ng'ambo ya mto yuko mama atakayeonja kwao.