Macho Mawili Yanagombania Ubongo Mmoja



Kila mkulima wa Kasulu na Kibondo anajua kuwa miche ya mahindi ikibanana katika shimo moja hugombania mbolea na maji. Wenye nguvu hutangulia, mwingine hudumaa. Ubongo wa mtoto mchanga nao una mashindano kama hayo.

Seli za fahamu zina matawi membamba mithili ya mizizi, yanayotafuta kuungana na seli nyingine. Muungano unaotumika sana hupata nguvu, usiotumika hunyauka. Hivyo ndivyo macho mawili yanavyogawana sehemu ya ubongo inayoona.

Mwaka 1963 wanasayansi David Hubel na Torsten Wiesel, wakiwa Marekani, walieleza habari za watoto wa paka waliofungwa jicho moja kwa miezi michache. Lilipofunguliwa, jicho lilikuwa zima, lakini paka hakuona kwalo. Karibu seli zote za ubongo walizozipima ziliitikia jicho la pili tu. Paka mkubwa aliyefungwa vivyo hivyo hakudhurika. Mwaka 1981 walipata Tuzo ya Nobel.

Jambo hili linatuhusu wazazi. Mtoto akiwa na makengeza, au akizaliwa na mtoto wa jicho, yaani ukungu katika lenzi, ubongo hulipuuza jicho lile. Tukisema "tungoje akue", hata upasuaji ukifanikiwa, huenda asione vizuri. Miezi ya mwanzo ina thamani kubwa. Baada ya miaka 7 au 8 matumaini hupungua sana.

Basi ukiona weupe ndani ya mboni, au jicho linalotazama pembeni, usitie dawa za kienyeji. Nenda hospitali ya wilaya upesi, uombe rufaa. Weupe huo unaweza pia kuwa saratani. Watoto hupasuliwa macho KCMC Moshi na CCBRT Dar es Salaam. Kutoka kwetu ni mbali, kwa hiyo safari ianze mapema. Daktari akiamuru jicho zima lizibwe kwa saa kadhaa kila siku, usilifungue kwa huruma: anampa mnyonge zamu yake.

Nanyi wanafunzi, msimcheke mwenye makengeza. Mkiona dalili hizi kwa mdogo wenu, mwambieni mama siku hiyo hiyo.

Suratun-Nahl, aya ya 78, inatukumbusha neema ya kusikia na kuona. Shukrani yake ni kuitunza. Wabillahi tawfiq.